Kinyago Chako Kinachokula Tikiti

Mwajuma, Mzaramo mvivu wewe,

Umekufa kweli, au umekwepa zamu ya kuosha sufuria? Herufi sizijui, unajua. Nasema, simu inaandika. Ikikosea, cheka.

Situlii, mtani wangu. Vikombe safi naviosha tena. Natoka mpaka stesheni, treni inakuja, inaondoka, narudi nyumbani. Najua kinachoniwasha. Tuliahidiana, wewe Mzaramo na mimi Mnyamwezi: atakayetangulia, mwenzake atamfanyia utani msibani, amsindikize kwa kicheko. Msibani kwako nikajifunga kanga yako, nikaanza kutembea kama wewe, kiuno huku, mguu kule, nalalamikia baridi ya Sydney. Mwanao Salumu akanishika mkono: "Mama mkubwa, plizi, si hapa." Wanawake wakainamisha vichwa. Nikaivua. Wakakuzika kimyakimya, kama mtu asiye na mtani.

Juzi Salumu alikuwa anapanga vitu vyako. Kile kinyago ulichopewa na yule mzee wa Kimarekani uliyekuwa unamtunza kule Macquarie Fields, chenye mistari myeusi na myeupe, pembe mbili, na kipande cha tikiti maji mdomoni, akakitia kwenye mfuko wa taka. Eti kinatisha watoto. Nilikirukia!

Nikamkalisha, nikamwambia ulivyoniambia. Huyu ni mchekeshaji wa Wahopi, wenyeji wa asili wa kule Marekani. Katikati ya ngoma yao ya ibada anaingia, anabugia tikiti, anakosa adabu, anafanya kila lisilofaa. Watu wanacheka, kisha wanajiona wenyewe. Mwishowe mizimu yao inamkemea. Si mdoli wa kuchezea. Wewe ulipomaliza kunieleza ulipiga makofi: "Kumbe hata Marekani kuna Wanyamwezi!"

Salumu akakigeuzageuza. Akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unamwombea mama?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nafanya kazi yangu, nawe ukanizuia, mjinga mkubwa."

Akalia, Mwajuma. Tangu ufe hakuwa amelia. Akaingia chumbani, akarudi na kanga yako, akanipa mkononi.

Basi jiandae. Siku ya arobaini naivaa. Nitatembea kama wewe, nitakoroma kama wewe, nitakula tikiti mpaka maji yanichuruzike kidevuni, shehe akiwa palepale. Kinyago nitakiweka dirishani kishuhudie. Nakuahidi, hutaondoka bila kuchekwa.

Kwaheri, mwenzangu. Lala, lakini sikio moja liache wazi.

Mimi mpagazi wako, Mnyamwezi.