Madoa Kwenye Nyasi ya Harusi

Jumatatu, 5 Februari 1996

Hili sijamwambia mtu: mimi huongea na mbwa kuliko ninavyoongea na watu. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, liko hapa kooni, halafu linarudi chini. Lakini Popi namwambia kila kitu. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha shule, hata kwa hicho Kibukusu changu kidogo. Anasikiliza masikio yakiwa yamelala. Bosi hana muda huo. Bosi ni wa kubweka na kulala.

Baba amesafiri Bungoma leo. Kakake amefariki, wanazika Jumamosi. Kwa hivyo uwanja wa kanisa nimeachiwa mimi. Baba ndiye mlinzi hapa na ndiye hutunza nyasi, na chumba chetu kiko nyuma, karibu na tangi la maji. Mbwa ni wetu, si wa kanisa. Aliwaleta wakiwa watoto, wakati ule viti vilikuwa vinaibwa.

Agizo ni moja tu. Popi akichuchumaa kwa nyasi, mwaga maji hapo hapo, ndoo nzima, usingoje. Bosi huinua mguu kwa mchongoma, huyo hana neno. Ni Popi anayependa katikati, kama malkia. Baba anasema mkojo wake ni moto, ukilala tu hapo nyasi imekwisha. Halafu akanikumbusha tena, kana kwamba kuna mtu Kawangware hajui: tarehe ishirini na nne ni harusi ya Njambi, binti wa Mzee Kiragu, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Picha zote zitapigwa hapa.

Na zingepigwa wapi? Ukitoka kwa geti ni vumbi mpaka barabarani. Maharusi hutoka hata Kibera kuja kusimama kwa hii nyasi kidogo, waonekane kama watu wa Lavington, kule kwa matajiri.

Alhamisi, 8 Februari

Maji yamepotea tangu juzi. Mfereji unapumua hewa tu. Nimegonga tangi, limelia kama ngoma.

Anti Nereah amekuja kutoka Mashimoni kulala nami mpaka Baba arudi. Ni Mjaluo, ameolewa na mjomba wangu, na mdomo wake hauna breki. Tumepanga foleni ya maji tangu nitoke shule mpaka jioni, tumerudi na mtungi mmoja. Kumbe Popi alikuwa anatungoja. Akaenda katikati, akazunguka, akachuchumaa, akanitazama machoni.

Nikashika mtungi.

"We! Maji ya chai unataka kunywesha nyasi?"

Nikamwambia ni Baba alisema. Nilimwambia kwa ndani, nje hakikutoka kitu.

"Kwetu watu wanatoana meno kwa foleni ya maji," Anti akasema, "na nyinyi huku mnaoshea mbwa mkojo. Kweli nyinyi ni watu wa Lavington." Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Maji yakaenda kwa sufuria.

Jumapili, 11 Februari

Madoa.

Sijui yametokea saa ngapi. Katikati ni njano, pembeni kuna duara la kijani kibichi sana, kama macho. Uwanja mzima unanitazama.

Baada ya ibada Mzee Kiragu alisimama juu ya doa moja, akalisukuma na ncha ya kiatu. Akauliza kama ni ugonjwa. Akauliza babangu anarudi lini. Nikaonyesha kwa vidole. Akadhani ni madharau.

"Huyu binti wa Wepukhulu hajafundishwa kujibu wazee?"

Njambi akasema, "Baba, muache, ni mpole tu." Nikamshukuru. Hilo pia kwa ndani.

Jumatatu, 12 Februari

Nimepata dawa. Nashangaa sikuifikiria mapema.

Ile rangi naijua. Ni ya mahindi ya Kukhu, nyanya yangu, kule nyumbani Bungoma, mvua ikizidi. Kukhu huangalia majani tu, anasema yana njaa. Unaweka CAN, ile mbolea ya punje nyeupe, kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina, na baada ya wiki shamba limekuwa zito kwa kijani. Likizo ya Aprili mimi ndiye nilikuwa naweka. Mkono wangu hautetemeki, Kukhu mwenyewe alisema.

CAN iko chini ya kitanda cha Baba. Amekuwa akiinunua kidogo kidogo, ataipelekea Kukhu kwa basi ya Pasaka. Nimefungua kamba ya mfuko nikachota kopo. Kifuniko kimoja kwa kila doa. Doa kubwa, viwili. Masalio nikayarusha pale kando ya ngazi, penye maharusi husimama, nyasi yote ifanane. Kisha nikafunga kamba vile vile.

Popi alinusa akapiga chafya. Nikamwambia tulia, Baba hatajua kitu.

Jumatano, 14 Februari

Manyunyu alfajiri, kidogo tu. Zile punje nyeupe zimeyeyuka zote. Nangoja kijani.

Shuleni wasichana walikuwa na kadi za valentine. Mimi nilikuwa na nyasi.

Ijumaa, 16 Februari

Si kijani.

Ni kahawia. Madoa yameshikana mikono. Ni kama mtu alitua majiko ya makaa huko kote. Ukigusa inakatika, kama nywele zilizochomwa na kitana cha moto.

Anti alitoka na kikombe chake cha chai akasimama kwa mlango. "Huyu mbwa anakunywa petroli?"

Maji yalikuwa yamerudi. Nikamwaga ndoo baada ya ndoo mpaka mikono ikafa ganzi. Halafu nikaona kando ya ngazi. Popi hajawahi kuchuchumaa pale hata siku moja. Pale kulienda masalio yangu tu. Pamekauka kabisa.

Mchana nikajikaza, nikamuuliza mwalimu wa kilimo. Niliandika swali kwa karatasi, nikaliweka mezani kwake. Akalisoma mbele ya darasa, sijui kwa nini walimu hufanya hivyo. Akasema mkojo wa mnyama ni mbolea, ile ile ya dukani, ila ni kali. Ukizidi, unachoma mmea. Kwa hivyo nyasi haikuwa na njaa. Ilikuwa imeshiba mpaka inakufa, na mimi nikailisha tena.

Jumamosi, 17 Februari

Baba amerudi. Alisimama uwanjani mfuko ukiwa bado mkononi, koti lina vumbi la kaburi la kakake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akauliza, "Ulimwaga maji?"

Nikaitika kwa kichwa. Na ni kweli, si nilimwaga? Jana.

Akaniamini. Akachutama, akapitisha kiganja juu ya nyasi, ikabaki kwa vidole vyake.

"Basi ni mimi nilikosea," akasema. "Nilidhani maji yanatosha."

Nikaenda nyuma ya tangi. Popi akanifuata, nikamfukuza. Sijui kwa nini nilimfukuza.

Jumapili, 18 Februari

Kamati ilikaa nje baada ya ibada, nami nilikuwa nafuta viti, nikasikia yote. Mzee Kiragu alisema Baba Rachael achague: mbwa watoke ama atoke nao. Baba akasema Bosi hana makosa. Basi huyo jike, Mzee akasema. Waithaka, yule wa machimbo ya mawe, anatafuta mbwa. Atakuja na pikapu Jumatano.

Mbwa wa Waithaka nawajua. Tulipita huko mwaka jana. Wamefungwa minyororo kwa vigingi, jua lao, mvua yao. Ndiyo wawe wakali, alisema.

Njambi akasema yeye atapigwa picha hata kwa ukuta, ukuta umepakwa rangi juzi.

"Wewe nyamaza," Mzee Kiragu akasema. "Hata mimi nitakuwa kwa hiyo picha."

Watu wakacheka. Baba pia alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu hataki kufutwa kazi. Kisha akasema sawa, mzee.

Mdomo wangu ulifunguka. Nakuapia, ulifunguka. Nikafuta kiti kilichokwisha kufutwa.

Jumatatu, 19 Februari

Nimetoka shule nikaenda Mashimoni kwa miguu. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote na mbele ya Anti yakatoka matatu: umchukue Popi, tafadhali.

Anti alikuwa anakaanga omena, vile visamaki vya ziwa la kwao. Akacheka kwanza. "Mwanangu, hapa tuko watu sita na kitanda kimoja. Popi atachuchumaa wapi? Kwa mlango wa Mama Audrey? Tutahamishwa sisi na mbwa." Kisha akaona hali yangu, akatoa sufuria motoni.

"Na mbona unalia hivi, kama ni wewe ulikojoa?"

Nikashindwa. Akanipa omena kwa karatasi, akanisindikiza mpaka njia kubwa, akisema mbwa ni mbwa, nitamzoea mwingine.

Omena nimempa Popi yote. Amekula na karatasi.

Jumanne, 20 Februari

Jua linaelekea kuzama, naandika haraka.

Baba hajaketi tangu asubuhi. Amekata vipande vya nyasi nzuri kule nyuma ya vyoo, mahali hakuna anayepaangalia, anavibeba kwa karai kama maandazi. Anang'oa iliyokufa, anapanda hiyo mpya. Hakutumwa na mtu. Nilipotoka shule alikuwa amelowa jasho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu msiba.

"Zitashika kabla ya Jumamosi," aliniambia, "nitaenda kwa Mzee Kiragu usiku huu nimwombe. Aje kesho asubuhi aone kwa macho yake. Labda Waithaka atarudi bila mbwa."

Popi amelala hapo kando yake, anamlinda.

Nami nikaona anachofanya. Hatoi udongo. Anapanda juu ya udongo ule ule wenye mbolea yangu. Vipande vyote hivyo vitachomeka. Vikichomeka, Mzee Kiragu atasema si mbwa tu, huyu mzee hajui kazi.

Nikasema, "Baba."

"Eeh?"

Halafu hakuna. Alingoja. Baba hunisubiri kuliko mtu yeyote, huwa hamalizii maneno yangu. Aliningoja mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu, nikaingia ndani.

Sasa hivi ameita kutoka uwanjani. "Rachael! Ziko na rangi kidogo, lakini nataka zishike mbio. Niletee ile CAN chini ya kitanda."

Nimepiga magoti kando ya kitanda.

Ameita tena. Kisha akasema haya, kaa, nakuja mwenyewe.

Nimevuta mfuko. Nimeufungua, kamba nimeitupa kando, kopo nimeliweka juu yake, lile lile, na kifuniko cha soda ndani. Nimesimama mbele ya mfuko. Nimejaribu, kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani: Baba, ni mimi. Imetoka hewa kama ule mfereji.

Viatu vyake anavipangusa kwa jiwe la mlangoni. Kimoja. Daftari hili hukaa chini ya godoro, na mkono wangu umeshaanza kwenda huko. Nimeurudisha.

Kwa herufi kubwa basi, aweze kusoma hata kwa mwanga huu:

BABA USIWEKE. UDONGO UTOE KWANZA. SI POPI

Kiatu cha pili. Daftari nimeligeuza lielekee mlangoni, kalamu bado iko mkononi.