Kidonge Ndani ya Glasi ya Chai

Jumatano. Mvua ya asubuhi imekatika, vilima bado vina ukungu, na nepi za Gisa zimetundikwa sebuleni zinanuka unyevu. Nimechoka, lakini si uchovu ule wa kukata tamaa. Leo kichwa changu kimejaa maswali.

Jumatatu nilimpeleka Gisa kituo cha afya kupimwa uzito. Ana miezi mitatu, ananenepa vizuri. Mimi ndiye ninayekonda. Muuguzi akanitoboa kidole, akaangalia kipimo, akafungua daftari langu la ujauzito. Damu yangu iko chini vilevile kama kabla sijajifungua.

Akaniuliza kama vidonge vya kuongeza damu ninavimeza au ninavitupa. Aliuliza kwa sauti, na benchi zima la wamama likageuka.

Niliumia. Tangu tumbo la miezi minne sijaruka hata siku moja. Nilivumilia kichefuchefu, nilivumilia choo cheusi kama lami. Najua wenzangu wawili waliovificha vyao chini ya godoro. Mimi hapana. Nikamjibu hivyo, mbele ya wote.

"Unameza na nini?"

"Na chai."

Akaweka kalamu chini. Mama mmoja nyuma yangu akadakia: "Sasa alitaka ameze na bia?" Benchi likacheka. Muuguzi hakucheka. Akanieleza kwamba chai, hasa ile nzito, inayashika madini ya chuma tumboni, yanaingia mwilini kidogo tu. Nimeze na maji, na tunda kama marakuja, yaani pasheni, likipatikana, chai isubiri masaa mawili. Na niendelee kumeza, maana ninanyonyesha. Nikirudi mwezi ujao damu haijapanda, atanituma hospitali.

Hapa niandike ukweli. Siogopi hospitali. Naogopa kile kilima cha kutoka bombani. Wiki iliyopita kizunguzungu kilinishika pale katikati, Gisa mgongoni, dumu kichwani. Dumu nililiachia, nikakaa kwenye matope mpaka dunia ikatulia.

Sikumwambia mtu.

Hata mume wangu, Papa Gisa, hajui. Anafanya zamu kiwanda cha simenti huko Muganza, nyumbani anarudi Jumamosi.

Lakini kwa nini chai? Nimejichunguza. Kituoni walitufundisha tusinywe maji yasiyochemshwa. Na nyumbani kwetu, asubuhi, maji yaliyochemshwa ni yapi? Ni chai. Nilitii fundisho moja nikaharibu lingine.

Halafu kuna Maman.

Maman ni mama wa mume wangu, tunaishi naye. Alivuna majani ya chai mpaka vidole vikapinda. Tangu nijifungue anaamka kabla yangu, anaipika ikolee, anajaza thermosi, ananiletea kitandani na kidonge kwenye kisahani. Ndivyo anavyonipenda. Kwa maneno hajawahi kusema.

Nilipomweleza ya muuguzi, alinitazama kama nimemtukana.

"Batoto saba nimezaa na hii chai. Leo imekuwa sumu?"

"Si sumu, Maman. Ila..."

"Na huyo muuguzi wako, yeye amezaa bangapi?"

Akatoka kwenda kupalilia, kwenye mvua.

Jana sikutaka kubishana. Nilitaka kuona. Kabla Maman hajatia maziwa nikachota chai glasi moja, na glasi ya pili nikatia maji ya moto. Nikakitwanga kidonge kimoja kwa mgongo wa kijiko, unga nikaugawa huku na huku. (Muuguzi anisamehe hicho kimoja.)

Maji yakawa na rangi ya kutu. Chai ikaanza kukolea, ikazidi kukolea, ikawa nyeusi kama wino. Nilishtuka mwenyewe. Najua tumbo si glasi. Lakini kitu kimoja kilikuwa kimemkamata mwenzake, hilo nililiona kwa macho.

Maman akasogea. Akainama. Akanusa.

"Yesu wangu! Miezi yote hii niko namunywesha mutoto wa wenyewe wino?"

Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Akakaa kwenye kibao. Akaniuliza polepole, si kama mama mkwe, kama mwanamke mwenzangu: zamani, yeye na wavunaji wenzake walipokuwa wakianguka kwenye mistari ya chai na mimba zao, msimamizi akiwaita wavivu, ilikuwa ni hii? Maana walikuwa wakinywa chai kavu kutwa nzima, na chakula kidogo.

Wakati huo hata vidonge hakupewa. Labda ni njaa, labda ni kazi, labda na chai ilikuwemo. Nitamuulizia kituoni. Naona anastahili jibu, hata kama limechelewa hivi.

Leo asubuhi kisahani kilikuja na kidonge na marakuja moja iliyokatwa. Pembeni, thermosi ileile. Nikamwambia kwa upole lakini bila kuyumba kwamba chai hapana, muuguzi amekataza.

"Fungua kwanza, weye!"

Maji. Maji matupu, yamechemshwa, kwenye thermosi ambayo tangu inunuliwe haijaonja kitu ila chai. Nikameza akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ananihesabia mafunda.

Chai ilikuja saa nne, nzito, na maziwa. Tulikunywa wote wawili.

Nimeamua. Jumamosi Papa Gisa ataisikia habari ya kile kilima, kutoka kinywani mwangu. Na mpaka kidole kitobolewe tena, mtoto na dumu havitapanda pamoja. Maman atabaki na Gisa, nimeshamwomba.

Limebaki swali moja, na hili naona haya kulipeleka kituoni. Yale maji yalinuka chai mpaka funda la mwisho. Harufu nayo inazuia damu?