Taa ya Sebuleni Isichomolewe

Mama watoto,

Nimewahi karakana, chai iko kwenye chupa. ~~Taa na feni nimezichomoa, asiziguse mtu.~~ Hapana, ile taa ya sebuleni nimeirudisha.

Jana nilikugombeza bure kwamba umeacha taa ya sebuleni ikiwaka usiku kucha. Leo alfajiri nimeikuta inawaka tena, nawe unakoroma. Nikaizima, ikawaka yenyewe! Nikasema haya ndiyo mazingaombwe ya binti yako, kuja likizo na kutuunganishia nyumba nzima na intaneti, kisha huyoo, karudi zake kazini huko mbali. Kwa hasira nikachomoa kila kitu, hata kile kiboksi cha intaneti.

Mara simu ikaita. Ni yeye, analia: "Baba, mko wazima?" Kumbe huwa anaiwasha kwa simu yake ili kutuamkia. Mimi kuizima, akadhani naitikia, akawasha tena kwa furaha. Nilipochomoa, taa ikapotea kwenye simu yake, akahofu tumepatwa na jambo.

Taa inampelekeaje habari zangu mpaka huko? Sijaelewa hata chembe. Kiboksi nimekichomeka, lakini kinawaka nyekundu tu. Mwite fundi, aje leo leo.

Kesho ukiikuta inawaka, izime. Ndiyo kuitikia.

Baba watoto