Kanga Yangu Ndani ya Injini Yako

Kwako Baba Hadija,

Salamu nakupa, maana hata mpita njia hapiti bila kusalimiwa. Hadija hajambo, amekua, na kidevu ni chako kile kile. Mimi mzima. Barua hii nampa Sefu wa lori bila kuifunga, na nimemruhusu aisome kwa sauti popote atakapokukuta. Mambo yenyewe watu walishayajua kabla yangu.

Sefu amenifikishia maneno yako. Kwamba motokaa imeanza tena kufuka moshi wa buluu, kwamba vile vipira vya kwenye valvu vimekauka, kwamba unaitaka ile kamba. Na kwamba, kama roho yangu imeshatulia, nije huko kwako Mkongo siku moja tu nikuzungushie hendeli, kwa sababu mwenzangu huko hana subira. Nilimwambia Sefu ayarudie, nikidhani nimesikia vibaya. Roho yangu imeshatulia! Baba Hadija, u mkavu wa macho.

Basi tukumbushane. Ulipoinunua kwa yule mzungu wa pamba aliyekuwa akirudi kwao, ilikuwa inang'aa nje tu. Asubuhi ukiiwasha, uwanja mzima unajaa moshi, na Bi Tatu jirani anapaza sauti kutoka jikoni kwake, "Mama Hadija, leo mnafukiza ubani wa nani?" Ulikuwa ukiona haya. Mimi nilikuwa naupenda ule moshi. Jioni nikiuona nyuma ya mikorosho, pale mteremkoni, najua ni wewe, nabandika wali. Ukifika unakuta maji ya kuoga yako tayari, unashangaa nimejuaje. Sikukwambia kamwe. Nilitaka uamini kwamba mkeo anajua tu.

Ukanieleza kwamba oili inavuja kando ya vijiti vya valvu, inadondokea ndani na kuungua pamoja na petroli, na dawa yake ni vipira vipya vidogo, kila valvu na chake. Vikaja na basi kutoka Dar es Salaam. Ukavifunua mbele yangu utadhani umeniletea herini. "Zainabu," ukaniita kwa jina langu, jambo ambalo hukuwa ukilifanya mchana, "hivi vikishaingia, safari ya kwanza ni yako. Nakupeleka mpaka barabara inapoishia, upande mtumbwi ukamwone mama yako Mbwera." Tangu unioe nilikuwa sijamwona mama. Nikampelekea habari, naye akaitangazia Mbwera nzima kwamba mwanawe anakuja kwa motokaa.

Kazi ile nilikuwa siijui, nikaijua. Ili ubadilishe kipira lazima uitoe springi, na springi ikitoka, valvu haina cha kuishikilia, inadumbukia ndani ya silinda. Hapo ni kufungua kichwa kizima cha injini. Kwa hiyo unatoa plagi, unapitisha kamba kwenye tundu mpaka silinda ijae, halafu mtu anazungusha hendeli polepole, pistoni inapanda, inaibana kamba, na valvu inatulia mahali pake. Wewe ulileta kamba ya usumba, ile ya kufungia mitumbwi. Ilipotoka ikaacha nyuzi zake ndani, tukashinda kutwa tunazichokoa kwa waya, wewe umenuna na mimi nacheka. Ndipo nikaingia ndani nikatoa kanga yangu ya harusi, ile nyekundu aliyonipa mama, nikaichana vipande na kuisuka kama ninavyosuka ukili wa mkeka. Ikawa laini, haina uzi unaochomoka. "Mke wangu fundi," ukasema, tena mbele ya watu.

Tukaenda hivyo silinda moja baada ya nyingine. Mimi mbele na hendeli, wewe umeinama juu ya injini unaminya springi, na vile vifungo vidogo vya chuma vikirukia mchangani tunavitafuta pamoja, vichwa vinagongana. Springi tuliziosha kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yangu ya ubwabwa, na mpaka leo haijafaa kupikia. Sitakudanganya: zile ndizo siku nilizokupenda kuliko siku zote. Nilidhani tunatengeneza kitu cha watu wawili.

Ulipoiwasha tulikwenda nyuma kulitazama bomba. Hakuna kitu. Ulinishika mkono, wote umejaa oili, tukacheka kama wajinga. Ukasema unakwenda kuijaribu barabarani, na kesho yake tunaondoka.

Kesho yake nilivaa. Mkate wa kumimina wa mama nimeshaupika, pakacha la korosho liko mlangoni, Hadija nimempaka wanja. Nikakaa kizingitini kukungoja. Bi Tatu akapita amejitanda kanga mpya, akasimama. "Mwenzangu, kumbe nawe umealikwa Mkongo? Loo, una moyo wewe! Mimi nisingekwenda harusi ya mume wangu." Nikamwuliza, harusi gani. Maskini Bi Tatu, alitamani ardhi immeze.

Kumbe uliitengeneza ili uwe bwana harusi asiyefuka moshi. Dini imekuruhusu, hilo silibishi. Lakini ungeniambia. Ningelia, ningenuna, ila ningejua hendeli ninayoizungusha inampeleka nani wapi. Mbwera nilikwenda siku ile ile, kwa lori la Sefu, juu ya magunia matupu, kwa sababu mama alikuwa ameshavuka na wenzake kunisubiri pale barabara inapoishia. Walikuwa wamevaa kama watu wa sikukuu. Mama hakuniuliza motokaa iko wapi. Alilipokea pakacha akatangulia mbele, na wenzake wakamfuata. Hilo ndilo ambalo sijakusamehe. Ndoa yako wala hainiumi tena.

Niliporudi nyumbani Kibiti nawe ukaja. Sikujua umefika mpaka ulipobisha hodi, maana moshi haukuwapo tena, na jikoni kwangu hapakuwa na moto. Ulikula ulichokikuta. Kisha nikaomba talaka yangu.

Sasa jibu lako. Kamba siitoi, namfungia mbuzi. Mkongo siji. Na mwenzangu huko usimwite asiye na subira, hujampa cha kukisubiri. Kanga ya harusi bila shaka anayo. Mwombe aichane, aisuke, asimame mbele ashike hendeli. Sefu akimsomea barua hii kazi ataijua yote, si ngumu. Ila kabla hajaanza kuzungusha, mwambie na yeye asikie: safari ya kwanza, mara hii, ni ya kwenda kwa nani?

Mtalaka wako,
Mama Hadija