Jina la Mskoti kwenye Kipande cha Baba

Mama mshauri mpendwa, shikamoo. Mtu mwenye furaha kama yangu hana haki ya kulalamika, ndiyo maana nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, lakini leo naimaliza maana kichwa changu hakifanyi kazi tena.

Nimeolewa wiki tisa sasa na Onesphory, fundi wa magari hapa Mikumi, na kila jioni nikisikia mluzi wake akitoka gereji moyo unanienda mbio kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kunichumbia, ananichotea maji yeye mwenyewe na majirani wanamcheka na yeye hajali hata kidogo, na hata tukiwa wawili tu ndani ya nyumba ananiita Bi Makalumu, nami jina hilo nalipenda jamani, nilipokuwa namalizia kidato cha nne nilijaza kurasa nzima nikijifunza kuliandika, na sasa jina hilohilo ndilo linaloninyima raha.

Baba mkwe wangu, Mzee Cleopa Makalumu, alizaliwa Njombe, akaletwa na lori la manamba, vibarua wa mkataba, akiwa kijana kuja kukata mkonge Rudewa, na meneja wa shamba siku hizo alikuwa Mskoti aliyeitwa Bwana Makalumu, aliyeondoka mwaka wa Uhuru. Jinsi jina la Mzungu yule lilivyomfikia mzee sijaelewa mpaka leo, maana mara anasema alipewa kwa kumvuta bwana huyo kutoka mto Mkondoa ulipofurika, mara anasema bwana alimpenda kama mwanawe, na mama mkwe, Mama Perpetua, nilipomwuliza jikoni alijibu neno moja tu, "Alilikuta," akaendelea kupepeta mchele.

Sasa mzee ameamua kuwaandika Makalumu wote kwenye daftari na kuwakusanya siku ya Sabasaba kwake Magole, na kweli wapo wengi, Kimamba wapo, Dumila wapo, Rudewa wamejaa, naye anasema, "Makalumu hawaokotwi njiani. Ukimkuta Makalumu popote, huyo ni damu yangu." Wifi yangu Selestina akamtania, "Baba, na yule Mzungu tumwandike?" Mzee akajibu, "Huyo ndiye wa kwanza kwenye daftari!" Tulicheka sote, lakini mzee hatanii, mwaka jana alivunja uchumba wa kijana wa Dumila na binti wa Kimamba kwa sababu wote ni Makalumu, akasema hawezi kukaa kimya ndugu wakioana, na yule binti mpaka leo haji kanisani kwa aibu.

Anayezunguka kutafuta majina ni mume wangu, na anayeyaandika ni mimi, kwa kuwa alinibembeleza akisema, "Mke wangu, una mwandiko wa ofisi, andika wewe," na nani angeweza kumkatalia akisema vile? Nimefika jina la thelathini na nane.

Mwezi uliopita nilikwenda Rudewa kumsaidia mama yangu kufungasha, kwa sababu mtaa wao unahamia kijiji cha ujamaa, na chini kabisa ya sanduku nikakuta kipande cha kazi cha marehemu baba, kadi aliyoandikiwa siku zake za kibarua, kimefungwa kwenye kitambaa, na kimeandikwa Lukasi Makalumu. Baba yangu mimi alikuwa Lukasi Mwegoha, mzaliwa wa milima ya Ukaguru, na mimi shuleni niliandikwa Mwegoha, na kanisani tulipotangazwa mara tatu nilitangazwa Mwegoha! Nikauliza, "Mama, Lukasi Makalumu ni nani?"

"Baba yako."

"Baba si Mwegoha?"

"Baba yako alikuwa na majina kama redio ilivyo na stesheni. Rudisha hapo ulipotoa."

"Mama, mimi nimeolewa kwa akina Makalumu!"

"Najua. Nilikula pilau."

Akanipa masufuria nipange, akaenda kufunga mlango mchana kweupe, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Tangu siku hiyo sijui mimi ni nani kwa mume wangu. Je, mimi ni dada yake? Ni shangazi yake? Au baba yangu na baba mkwe ni watoto wa yule Mskoti, ingawa baba alikuwa mweusi kuliko mimi? Nikimwandika baba kwenye daftari mzee atavunja ndoa yangu mbele ya watu wote, nisipomwandika nitakuwa nimemkana baba yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe, na kila nikitaka kumwambia Onesphory ananitazama kwa yale macho yake na maneno yote yananipotea. Niambie nifanye nini, mama, nampenda mpaka naumwa.

Ni mimi, Bi Harusi wa Mikumi.

JIBU

Bi Harusi, marahaba. Majina ya watu nimeyabadili kabla ya kuchapa. La ukoo nimeliacha, kwa kuwa kwa hesabu yako wenye nalo wamejaa huko kwenu kiasi kwamba hakuna atakayejua ni wewe.

Nakupongeza kwa ndoa, kisha nakugombeza. Umekaa shuleni miaka yote hiyo, ukaniandikia kwa mkono wako kwamba baba mkwe alizaliwa Njombe na baba yako alizaliwa Ukaguru, halafu unaniuliza kama ni watoto wa mtu mmoja. Ulikuwa unawaza nini? Najua. Ulikuwa unayawaza yale macho.

Mimi nimekulia kambini, upande wa Tanga, baba yangu akiwa karani wa mkonge, na haya niliyaona. Lori linashusha watu arobaini. Karani anauliza jina, mtu anajibu jina moja, naye ana nafasi mbili za kujaza. "Wewe ni mtu wa shamba la nani?" "La Bwana Fulani." Basi, linaandikwa la Bwana Fulani, na wa nyuma yake naye hivyohivyo. Ukoo mzima unazaliwa asubuhi moja kabla ya chai, na watu wenyewe ndiyo kwanza wanaonana.

Njia ya pili ni kipande chenyewe. Mtu akichoka anarudi kwao, kipande anamwachia mwenzake, na huyo wa pili anaitika jina la wa kwanza mpaka analizoea. Waliofanya hivyo zaidi ni wale waliotoroka mkataba kwenye shamba jingine, maana kutoroka kulikuwa kosa la kufungwa. Nadhani baba yako alikuwa mmoja wao, na nadhani ndiyo maana mama yako alifunga mlango. Hakuwa anaficha dhambi ya damu. Anaogopa askari wa serikali ambayo ilishafungasha ikaondoka, na hakuna aliyekaa naye akamwambia kwamba woga ule umekwisha. Mwambie wewe, kisha umwombe akupe kile kipande.

Kuhusu jina lenyewe, nilimwuliza mwalimu mmoja Mskoti anayefundisha hapa mjini. Kwao huandikwa MacCallum. Ni lugha yao ya kale, Kigaeli: hiyo "Mac" ni "mwana wa", na Kalumu linatokana na Kolumba, mtawa mtakatifu aliyevuka bahari kutoka Ayalandi kuhubiri kwao zamani sana. Walioitwa hivyo mwanzoni walikuwa wana wa watu waliojiita watumishi wa mtakatifu huyo. Nikamwuliza, basi wote wenye jina hilo ni ndugu? Akacheka sana. Akasema huko milimani kwao maskini aliyelima ardhi ya mkubwa alichukua jina la mkubwa apate ulinzi, bila kuzaliwa nyumbani mwake. Kwa hiyo jina hili limekuwa likivaliwa na wasiohusiana tangu kabla halijapanda meli. Huko Rudewa limeendelea tu na tabia yake.

Sasa sikiliza. Kwanza, mwambie mumeo wiki hii, wewe na yeye peke yenu, na kipande mkononi. Usingoje Sabasaba. Akisikia habari hii mbele ya watu arobaini ataumia kwa kufichwa kuliko kwa jina, na hapo utakuwa umekosa kweli.

Pili, uliza swali ambalo wazee wa kwenu wangeuliza tangu siku ya posa. Milimani kwenu Ukaguru ukoo hufuata mama. Mwulize mama yako ukoo wake, umwulize na Mama Perpetua wa kwake. Wakiwa tofauti, kama ninavyotazamia, hakuna mzee wa kuwatenganisha. Wakiwa mmoja, niandikie haraka, nitakujibu kwa barua na si gazetini.

Tatu, mpelekeni mama yako Magole kabla ya mkutano, akae na Mzee Cleopa amweleze baba yako alivyolipata jina, na mumeo awepo. Hilo si kwa ajili yako tu. Kuna binti Kimamba anayejificha kwa sababu ya makosa ya karani, na mzee aliyevunja uchumba wake ndiye anayepaswa kwenda kuomba radhi kwa miguu yake. Na kwenye daftari mwandike baba yako kwa majina yake yote mawili.

Mzee atakasirika. Mwamkie kwa heshima, kaa chini, mwache amalize. Alipanda lori akiwa kijana, akashuka mahali ambapo hakuwa na mtu, akalishika jina hilo kwa sababu ndilo alilopewa, na amelijengea nyumba. Usimnyang'anye. Akishatulia mwulize jambo moja, kwa upole, kama mkwe anayempenda: mama yake, kule Njombe, alikuwa akimwitaje? Barua yako yote haina jina hilo, na sidhani kama tangu ashuke kwenye lori kuna mtu aliyewahi kumwuliza.