Anayemlisha Ndiye Aulizwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemsikia mwanangu redioni! Nimeongeza sauti mpaka fundi viatu wa hapo nje akauliza ni harusi au msiba. Nikamwambia huyo anayeongea ni daktari wa mifugo, mtafiti, katoka tumbo hili hili. Akasema basi tumbo limesoma kuliko kichwa. Mwache. Darasa la saba niliishia mimi, lakini kuzaa nilizaa. Asante Mungu.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja kula. Nimemwuliza utafiti wenyewe ni nini hasa, maana watu wananiuliza na mimi najibu tu "mambo makubwa". Amecheka mpaka kapaliwa.

Kumbe alikuwa anakaa langoni pa kliniki ya mifugo, anawauliza wanaotoka kwa nini wanarudi na mnyama mgonjwa. Wengi wanawake. Mnyama ni wa mume, mume hayupo, na bila neno la mwenye mali daktari hashiki kisu. Mnyama anafia njiani. Sasa wakubwa wamemruhusu ajaribu utaratibu mwingine mpaka mwisho wa mwezi: anayemlisha mnyama ndiye anayeulizwa. Ukitokea ugomvi mmoja tu, wanafuta.

Kitu kidogo hivyo — na hakuna aliyekiona ila wangu! Nimemwongezea nyama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshawaeleza wote. Sokoni, kikundi cha akina mama, mpaka kinyozi. Mwanangu anasema sasa hata mbuzi wananijua. Wanijue.

Jumapili, 9 Machi

Naandika jikoni, maji yako motoni. Ng'ombe wa jirani yangu wa ukuta mmoja ameshindwa kuzaa tangu asubuhi. Ndama amekaa vibaya. Bahati mwanangu alikuwa hapa — kakimbia na gauni lake la kutokea! Kajaribu kumgeuza, wapi. Amesema wasipompasua watakufa wote wawili. Na akipasuliwa, bado hana uhakika.

Mume wa jirani ni dereva wa lori, yuko safarini, simu haipatikani. Shemeji yake kasimama mlangoni pa banda: ng'ombe wa kaka yake asiguswe, atakayemgusa wataonana kwa wakubwa wa kliniki. Ugomvi wenyewe ndio huu.

Mwanangu hakubishana naye. Kaosha mikono, kachuchumaa mbele ya jirani.

"Mama mdogo, wewe ndiye unayemlisha. Unasemaje?"

Jirani kamgeukia shemeji yake. Mwanamke huyu hata kubadilisha pazia husema ngoja nimwulize baba watoto. Mimi mdomo ukaniwasha, nimjibie! Nikayameza maneno, nikaja jikoni kwa kusingizia maji.

Dirisha liko wazi, nasikia. Shemeji anaanza tena. Jirani anamkata:

"Shemeji, hebu shika kamba huko mbele. Daktari, mpasue."

Asante Mungu, hata kwa neno hilo tu. Maji yanachemka. Napeleka —