Pasi ya Mama Katikati ya Karatasi

Mdogo wangu,

Huku tupo tu, tunasukuma siku. Bomba la jikoni bado linavuja, na mgongo wangu unauma kama kawaida.

Daktari alishauri mama achore kumbukumbu zake kuzunguka kitu anachokipenda. Nikamletea ile pasi yake ya mkaa. Akaiweka katikati ya karatasi, akaizungushia kalamu, kisha akachora kibaraza alichopigia pasi sare za watu, kamba ya nguo, na baba na baiskeli yake. Wewe amekuchora mlangoni, na lile kovu la mkononi ulipoigusa pasi ya moto. Hata paka yumo, tena amenona kuliko baba! Nilicheka, na siku nyingi sijacheka.

Nikamuuliza, "Na binti yako mkubwa je?"

"Ametoka, atarudi sasa hivi. Nimemwachia nafasi hapa." Akanigusa mkono. "Nesi, hebu nishikie karatasi vizuri, isiteleze."

Nikashika.

Njoo, hata kwa wiki moja. Huenda wewe atakutambua. Ukifika, muulize habari zangu, nami nikae pembeni nisikie.

Ni mimi dada yako,
nimechoka, ila nipo.